Namna ya Kuuza na Kununua Vitu Vilivyotumika Mtandaoni bila ya Kukosana: Mwongozo kwa Wakaazi wa Unguja na Pemba

Maswali yanayonijia ni yale yale, na huulizwa zaidi na watu wanaouza au kununua kwa mara ya kwanza. Nimjibu vipi anayetaka bei ya mwisho na kitu hajakiona? Je, ni lazima nimsubiri aliyesema kuwa anakuja? Nikifika nyumbani kwa mtu na kitu chenyewe kisinipendeze, naondokaje bila ya kumvunjia heshima? Kwa kuwa nimechoka kumjibu kila mmoja peke yake, nimeona ni bora niyaandike yote pamoja, kwa mpangilio wa kazi yenyewe inavyokwenda.

Nimeuza na kununua vitu vilivyotumika kwa miaka kadhaa, na nilichojifunza ni kwamba matapeli wapo, lakini sehemu kubwa ya ugomvi hawauleti wao. Unaletwa na waungwana kabisa ambao hawakulisema jambo kwa wakati wake: aibu ya kitu haikutajwa, bei ilifichwa, au "hapana" ilivishwa kanzu ya "inshallah". Na visiwa vyetu ni vidogo. Uliyemkera leo kwa sababu ya friji, wiki ijayo utaketi naye mkeka mmoja kwenye hitima.

Mwongozo huu ni wa vitu vya nyumbani, simu na vifaa vya umeme. Magari, vespa na viwanja vina taratibu zake za usajili na sitavigusa.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Uwe na laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina lako mwenyewe, kwa sababu jina litakalomtokea mwenzako wakati wa kulipa ndilo atakalolilinganisha na mtu aliye mbele yake. Piga *106# uone ni namba zipi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Uwe pia na kitambulisho, nacho kwa wengi wetu ni kile cha Mzanzibari Mkaazi. Daftari dogo na kalamu. Futi ya kupimia, kwani makochi mengi yamekwama mlangoni kwa kukosa kipimo. Na mtu wa kufuatana naye pale utakapokwenda nyumba usiyoijua. Kama ni kifaa cha umeme, tafuta mapema fundi unayemwamini, ukubaliane naye kuwa utampigia. Mwisho, amua bei mbili moyoni kabla hujazungumza na mtu yeyote: ile utakayoitaja na ile ambayo hutaivuka. Asiyeijua bei yake mwenyewe ndiye anayebadilika kila saa, na huyo ndiye anayelalamikiwa.

KWA ANAYEUZA

Hatua ya 1. Kichunguze kitu chako kama kwamba wewe ndiye unayekinunua.

Kiwashe, kifungue, kigeuze, kisha andika kila upungufu unaouona. Masheikh wetu huuita upungufu huo aibu, na mafunzo yanajulikana: muuzaji anayejua aibu ya kitu chake anatakiwa aibainishe, na aliyefichwa ana haki ya kukirudisha.

Huku kwetu yako mambo mawili yanayosahauliwa mno. La kwanza ni kutu. Hewa ya chumvi haina huruma, hasa kwa nyumba zilizo karibu na pwani, na kitu kinaweza kung'ara mbele huku chini kimeoza. Tazama miguu ya friji, upande wa nyuma wa mashine ya kufulia na sehemu za chini za jiko la gesi. La pili ni umeme. Vitu vingi vilivyotumika hutufikia kutoka Dubai, Ulaya na Japani. Vya Dubai na Ulaya kwa kawaida huendana na umeme wetu wa volti 230, lakini vya Japani vimeundwa kwa volti 100, na ukikichomeka kimoja moja kwa moja ukutani kinaweza kuungua papo hapo. Soma kibandiko kilicho nyuma. Kikisema volti 100, liandike hilo kwenye tangazo, na useme kama transfoma unaiuza pamoja nacho au la. Neno "pamoja" limeshazusha mizozo mingi kuliko kutu.

Mimi mwenyewe niliwahi kuuza friza ambayo mpira wake wa mlango ulikuwa umepasuka kwa chini. Niliuona, nikajiambia kuwa ni jambo dogo, na sikulitaja. Aliyenunua alikuwa bi mmoja anayeuza barafu na malai, na baada ya siku tatu alinipigia simu. Hakunigombeza, aliniuliza tu, "Mwanangu, ulikuwa huujui?" Nilimnunulia mpira mpya na kumlipa fundi, lakini swali lile bado ninalo.

Hatua ya 2. Piga picha zinazosema kweli.

Piga mchana, karibu na dirisha, na picha iwe ya kitu chenyewe, si ya mfano wake uliyoiokota mtandaoni. Picha nne zinatosha: mbele, nyuma, kibandiko na ile aibu. Kabla ya kuzituma, tazama kilicho pembeni. Nimeona tangazo la kabati ambalo kwenye kioo chake alionekana mtu amelala nyuma kwa kanga moja, na tangazo hilo lilizunguka kutoka Bububu hadi Konde.

Hatua ya 3. Andika tangazo lililokamilika.

Taja kitu na ukubwa wake, umekitumia muda gani, kina upungufu gani, bei, na mahali kilipo. Kwa mfano:

"Nauza friji la milango miwili, nimelitumia miaka minne. Linagandisha vizuri. Lina kutu kidogo miguuni, na taa ya ndani haiwaki. Bei ni shilingi 350,000, inazungumzika kidogo kwa atakayefika kuliona. Lipo Mpendae, ghorofa ya kwanza. Kulishusha ni juu ya mnunuzi. Nipigie baina ya saa tatu asubuhi na saa mbili usiku."

Andika sifuri zote. Ukiandika "350" mmoja atasoma laki tatu na nusu, na mwengine atakuja na uso wa mzaha akidai ulimaanisha shilingi mia tatu na hamsini. Kuhusu mtindo wa "bei njoo inboksi", mimi siupendi na sitauficha msimamo wangu: anayeificha bei humfanya mnunuzi ahisi kuwa anapimwa mfuko kwanza, na pia hujichosha mwenyewe kwa kujibu swali moja mara arubaini. Kama bei haipungui, andika "haipungui" na ushikilie hapo. Ukiiandika kisha ukampunguzia wa pili, yule wa kwanza aliyekuamini na kuondoka atajua, kwa sababu Unguja hakuna siri ya bei.

Wageni wengi wanaoishi visiwani nao hununua na kuuza kwa njia hii. Ukizungumza nao, taja saa kwa maneno: "saa nne asubuhi" kwao ni saa kumi kwa saa ya Kizungu, na ukiandika "4" peke yake, wewe utasubiri asubuhi na mwenzako atakuja alasiri.

Hatua ya 4. Jibu kwa zamu, na sema "hapana" kwa jina lake.

Hii ndiyo hatua inayokosewa kuliko zote, kwa hiyo nitaikalia.

Andika kwenye daftari majina ya waliouliza kwa mfuatano wao. Anayestahiki kuwa wa kwanza si yule aliyetangulia kuuliza "bado ipo?", bali yule aliyetangulia kutaja siku na saa ya kuja. Mwambie mpaka lini utamwekea: "Nitakuwekea mpaka kesho Magharibi, ikipita hapo nitampa anayefuata." Wengi huogopa kuandika sentensi hiyo wakidhani kuwa ni ukavu. Kinyume chake, humpa mwenzako njia ya kujitoa bila ya kuona haya.

Wale walio nyuma yake wajibu kwamba yupo mtu mbele yao, na kwamba utawaarifu akishindwa. Usimwambie mtu "bado ipo" huku ukijua kwamba mwengine yuko njiani, na wala usimzushie mnunuzi wa uongo ili umtie haraka huyu uliye naye. Huo ni udanganyifu unaokatazwa waziwazi katika biashara, hata kama umezoeleka.

Ama neno "inshallah", asili yake ni ahadi ya kweli inayofungamanishwa na matakwa ya Mungu. Sisi tumeligeuza kuwa pazia. Mtu hataki kuja, lakini badala ya kusema hivyo husema "nitakuja, inshallah", na muuzaji anakaa siku tano akiwakataa wengine. Kama hutaki, andika: "Nashukuru, nimeghairi. Mungu akupe mteja mwengine." Maneno sita, na hakuna aliyeudhika.

Nami nimeonja upande wa pili. Nilikubaliana kwa simu na muuzaji mmoja wa Mkoani kuhusu cherehani ya miguu. Nikapanda boti alfajiri, nikashuka bandarini, nikampigia. Aliiuza tangu juzi. "Nilisahau kukwambia," alisema, kwa upole kabisa, na akanialika chai. Niliinywa chai, lakini nauli ya kwenda na kurudi haikurudi. Kwa hiyo unaponunua ng'ambo ya maji, muulize muuzaji tena usiku wa kuamkia safari. Na wewe muuzaji, anayevuka bahari kwa ajili yako mwekee kitu chake hata kama amejitokeza mwenye bei nzuri zaidi.

KWA ANAYENUNUA

Hatua ya 5. Lisome tangazo hadi mwisho, kisha tuma ujumbe mmoja uliokamilika.

Salamu ni lazima, na aliyekuzidi umri mpe shikamoo yake hata kwa maandishi. Lakini usitume "Assalamu aleikum" ukanyamaza kusubiri kuitikiwa, kisha "habari za saa hizi", kisha "samahani", kwani mwenzako ana ujumbe mwengine thelathini wa namna hiyo. Salamu na haja viwe pamoja:

"Assalamu aleikum, kaka. Nimeliona tangazo lako la friji. Nipo Fuoni na naweza kuja kesho baada ya Alasiri kuliangalia. Kama bado lipo, naomba unielekeze."

Ujumbe huu umeeleza wewe ni mtu wa wapi, unataka nini na unakuja lini. Hauulizi bei, kwa sababu bei imeandikwa.

Yaepuke makosa haya. Usipige simu ya video bila ya kuomba ruhusa. Hujui mwenzako yuko katika hali gani, na mwanamke aliye nyumbani hapaswi kukimbilia mtandio kwa sababu ya mtu anayetaka kuona feni. Usimwite muuzaji wa kike "mpenzi" wala "mrembo". Muite dada au bi, na biashara ikiisha namba yake uifute, au uitumie kwa biashara tu. Usipige Ijumaa wakati wa sala, wala katika mwezi wa Ramadhani ile saa ya kuelekea kufuturu, kwani hata muuzaji mwenye shida atakujibu kwa ukali. Usiku wa Ramadhani baada ya Tarawehe ni wakati mzuri mno wa mazungumzo, na kabla ya Sikukuu ndipo makochi yanapotangazwa kwa wingi, watu wakibadilisha vyumba.

Kama wewe ni dalali, jitambulishe tangu mwanzo. Udalali ni kazi ya halali na ya zamani hapa kwetu. Kinachokera ni kuomba picha kama mnunuzi, kisha muuzaji akalikuta friji lake mwenyewe linatangazwa kwa laki moja zaidi na namba isiyo yake.

Hatua ya 6. Zungumza bei kwa adabu, na mara moja.

Mahali pa kupunguziana ni mbele ya kitu, baada ya kukiona. Aliye mbali, kwa mfano wa Wete anayenunua mjini Unguja, anaruhusiwa kuzungumza kabla, kwa sababu safari ina gharama. Taja bei unayoiweza pamoja na sababu yake: "Nina 300,000 taslimu na gari ya kubebea ninayo leo." Usikikashifu kitu cha mtu ili ukishushe bei. Kusema "hili bovu hili, nakusaidia tu kukuondoshea" mbele ya watoto wa nyumba si uhodari wa biashara; ni kukosa malezi.

Mkishakubaliana kwa simu, usifike mlangoni ukaanza upya. Unaloweza kulifungulia mjadala ni lile tu ambalo halikutajwa: aibu uliyoikuta, au kifaa kilichopungua. Na ukijua kwamba mwenzako ameshakubaliana na muuzaji, usimpandie bei. Hilo tulilisomeshwa chuoni tukiwa wadogo, kwamba mtu asinunue juu ya ununuzi wa ndugu yake, na mtandao haukulifuta.

Hatua ya 7. Nenda ukakione.

Kitu kidogo kama simu mkutane mahali penye watu na mchana: Darajani, mbele ya majengo ya Michenzani, au karibu na soko la Chake Chake. Kitu kikubwa utakifuata nyumbani. Piga hodi, usubiri, na ukae barazani mpaka ukaribishwe. Usije na kundi la watu watano kwa ajili ya meza moja. Mwanamke anayeuza akiwa peke yake ana haki ya kukwambia uje wakati kaka yake au mumewe yupo, na hilo lisikuudhi. Au akitoe kitu barazani, mmalize hapo.

Omba ruhusa kabla ya kukijaribu. Friji liwe limewashwa kabla hujafika, ili ulikute linagandisha. Kwa simu, piga *#06# upate namba ya IMEI, uilinganishe na iliyo kwenye boksi, kisha itume kwa ujumbe mfupi kwenda 15090, utajibiwa ni simu ya aina gani. Jibu likitofautiana na simu iliyo mkononi mwako, irudishe. Hakikisha kwamba muuzaji ametoa akaunti yake mbele yako, kwa sababu simu iliyofungwa na akaunti ya mwengine haina faida kwako hata kama kioo chake hakina mkwaruzo. Muulize aliipata wapi. Muuzaji mwema hakasiriki kwa swali hilo, na mali ya wizi humtia matatani aliyeinunua pia.

Kisipokupendeza, shukuru na uondoke: "Ahsante kwa kunionyesha. Sicho nilichokitafuta." Huna deni lolote kwa sababu ulikaribishwa maji.

KWA WOTE WAWILI

Hatua ya 8. Malipo na arubuni.

Usitume pesa zote kabla ya kukiona kitu. Kama muuzaji anataka arubuni ili akuwekee, iwe kiasi kidogo, na msemezane kabla haijatolewa: mnunuzi akighairi, inarudi au hairudi? Wanazuoni wenyewe wamekhitilafiana katika suala la arubuni, baadhi wakiruhusu ibaki kwa muuzaji na wengine wakikataa, kwa hiyo haifai kila mmoja wenu akashikilia fatwa yake baada ya pesa kuondoka. Iandikeni.

Ukilipa kwa simu, soma jina linalotokea kabla ya kuthibitisha. Likiwa jina jengine, simama uulize. Muuzaji naye asiridhike na ujumbe alioonyeshwa au kutumiwa na mnunuzi. Aangalie salio lake mwenyewe. Jambo dogo linaloleta maneno makubwa ni makato ya kutolea. Kauli nzuri ni kuitaja bei kwa namna moja kati ya mbili: "350,000 mkononi" au "350,000 na ya kutolea".

Hatua ya 9. Usafiri.

Kubalianeni nani anabeba, nani analipa, na ni nani atakayebeba hasara kikivunjika njiani. Kama kipo ghorofa ya tano katika majumba ya Michenzani, kukishusha ni kazi ya watu, si ya maneno. Ndani ya Mji Mkongwe gari haiingii kwenye vichochoro vingi, kwa hiyo mtafute hamali mapema. Mzigo wa Pemba uandikwe jina na namba ya simu ya mpokeaji kwa wino usiofutika, pande mbili, na muuzaji atume picha yake ukiwa bandarini. Friji lisafirishwe likiwa wima. Kama lililazwa, liache lisimame saa nyingi kabla ya kuwashwa, ili mafuta ya kompresa yarudi mahali pake.

Hatua ya 10. Andikianeni, kisha uliondoe tangazo.

Karatasi moja inatosha: majina mawili, namba za vitambulisho, tarehe, kitu na namba yake, bei, aibu zilizotajwa, na muda wa majaribio kama mmekubaliana. Siku tatu ni muda wa haki kwa kifaa cha umeme. Piga picha karatasi hiyo, kila mmoja abaki na yake. Siku hiyo hiyo ondoa tangazo na uwaarifu waliokuwa kwenye foleni. Tangazo la kitu kilichokwisha uzwa ni kama duka lililoacha mlango wazi na mwenyewe hayupo.

MAMBO YAKIENDA MRAMA

Mnunuzi hakutokea. Saa mliyoagana ikipita, mtumie ujumbe mmoja: "Nilikusubiri, sasa nampa anayefuata." Usimtangaze jina lake hadharani. Huenda amefiwa, na wewe utabaki na aibu kubwa kuliko yake.

Muuzaji amepandisha bei umeshafika. Mwonyeshe maandishi yake. Akishikilia, ondoka, usilipe kwa hasira halafu ukaja kulalamika mtandaoni.

Umepokea ujumbe wa pesa, na mtu anapiga simu akisema zimeingia kimakosa, umrudishie. Angalia salio. Kama hazimo, ni utapeli, sawa na ule ujumbe wa "ile pesa itume kwenye namba hii". Peleka namba hiyo kwenda 15040. Kama zimo kweli, usizirudishe kwa mkono wako: mwambie apige simu kwa mtandao wake, nao ndio watakaozirejesha.

Wewe ndiye uliyetuma kwa namba isiyo sahihi. Ipigie huduma kwa wateja ya mtandao wako mara moja, kabla aliyezipokea hajazitoa.

Muuzaji amepokea arubuni na hajibu tena. Hifadhi mazungumzo yote na uthibitisho wa malipo. Jaribu kumpata kwa njia ya mtu mnayejuana, kwani visiwani ni nadra kukosekana. Ikishindikana, nenda polisi na ushahidi wako. Kumtukana kwenye simu hakutakusaidia, na maneno yako nayo yatahesabiwa.

Friji halipozi baada ya kulihamisha. Kwanza uliza: lililazwa? Liliachwa lipumzike? Limechomekwa kwenye waya mrefu mwembamba unaolisha na vitu vyengine? Hata jenereta ndogo hushindwa kuliinua. Ukishayaondoa haya, mpigie muuzaji kwa utulivu na umwombe mkutane mbele ya fundi mmoja mliyekubaliana.

Fundi amethibitisha kwamba aibu ilikuwepo tangu mwanzo. Hapo ziko njia mbili: kupunguziana kiasi cha matengenezo, au kurudisha kitu na pesa. Mkirudishiana, anayerudisha akilete kitu kama alivyokichukua, pamoja na chaja, rafu na funguo zake. Anayepokea akihakiki, aitoe pesa palepale bila ya kusema "njoo kesho". Na ile karatasi ya makubaliano ichanwe mbele yenu wote wawili.